Nilishushwa Mlimani Mara ya Kwanza. Je, Nirudi na Wanawake Wenzangu?

Dada Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, nina umri wa miaka 44, nimeolewa, na watoto wangu ni watatu, wa mwisho akiwa darasa la tano. Jambo ninalokuandikia huenda wengine wataliita anasa, lakini limeninyima usingizi kwa majuma matatu.

Mwezi uliopita tulivunja kikoba chetu nami nikapata fungu la shilingi 2,900,000. Wiki hiyohiyo rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinitumia tangazo la safari ya wanawake watupu ya siku nane: siku sita za kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na siku mbili za kupumzika kijijini chini ya mlima, ambako kutakuwa na mazoezi ya kunyoosha viungo, kukandwa mwili, matembezi katika mashamba ya migomba na kahawa, na mazungumzo ya jioni ambayo kila mmoja atapata nafasi ya kusema yaliyomlemea. Anayeongoza ni mwanamke aliyefika kilele cha Uhuru mara nyingi na kupanda milima mirefu ya nchi za nje, na waongozaji wanaomsaidia ni wanawake pia. Gharama ni shilingi 2,300,000. Nimekwisha kulipa 600,000 za kushikia nafasi, na safari ni baada ya wiki sita.

Mume wangu amekubali, tena ameahidi kubaki na watoto. Mama mkwe ndiye aliyekuja juu aliposikia, akisema kwamba mwanamke aliyetulia nyumbani kwake hana anachokitafuta mlimani, na kwamba fedha zile zingeweza kumalizia paa la nyumba tunayojenga. Maneno ya paa yameniuma kwa sababu ni kweli, paa halijaisha.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba hii si mara yangu ya kwanza. Miaka sita iliyopita nilipanda na wafanyakazi wenzangu, wanaume tisa na wanawake wawili, kwa safari ya siku tano. Niliona haya kumsimamisha mwongozaji kila mara kwamba nataka kujisaidia, basi nikaacha kunywa maji njiani. Tulipofika kambi ya Horombo nikaingia hedhi kabla ya siku zangu, damu nyingi, na sikumwambia mtu. Kesho yake, kabla hatujafika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kichwa kilikuwa kinataka kupasuka na nilikuwa nimetapika mara tatu, huku mwongozaji akiniambia nijikaze kwani kumebaki kidogo. Usiku nilishushwa nikiwa nimeshikiliwa huku na huku. Kazini walinicheka mwaka mzima.

Niongeze jambo moja ambalo sijui kama lina uzito. Hedhi yangu imekuwa nyingi mno kwa miaka miwili sasa, na mwaka jana nilipopima niliambiwa damu yangu ni 9.1, nikapewa vidonge ambavyo sikuvimaliza kwa kuwa vilinifunga choo.

Je, niende? Na nikirudishwa tena, safari hii mbele ya mwanamke anayeheshimiwa kiasi kile, uso wangu nitauweka wapi?

Mwalimu wa Morogoro

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mahali niliporudi kusoma mara ya tatu ni pale karibu na mwisho unaposema hujui kama jambo lile lina uzito. Lina uzito kuliko paa, kuliko maneno ya mama mkwe wako, na kuliko aibu uliyoibeba kwa miaka sita, kwa hiyo nitaanza nalo.

Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, na hivyo kila pumzi unayovuta inakuletea kama nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili hujitetea kwa kupumua haraka, kwa moyo kwenda mbio, na kwa kuitegemea damu ibebe kile kidogo kilichopatikana. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu anapokuwa na chini ya gramu 12 za himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, kwa kila desilita, na wewe ulikuwa na 9.1, tena kabla ya mwaka mwingine mzima wa kutokwa na damu nyingi. Kupanda ukiwa katika hali hiyo ni sawa na kuupeleka msafara mlimani ukiwa umepunguza robo ya wapagazi lakini mizigo ikabaki ileile. Siwezi kukuambia kwa hakika ni nini kilichokuangusha miaka sita iliyopita, ila ukiniambia mwanamke alipanda kwa siku tano tu, bila kunywa maji, huku akitokwa na damu nyingi, sitahitaji kutafuta udhaifu wa moyo wake ili nielewe kwa nini alitapika.

Jibu langu basi ni hili: usiende baada ya wiki sita. Nenda kwanza hospitali, si kwa ajili ya mlima bali kwa ajili yako, kwa sababu hedhi nyingi ya miaka miwili inataka kupimwa na daktari wa magonjwa ya wanawake, na pengine kupigwa picha ya kizazi, kwa kuwa uvimbe wa kizazi ni jambo la kawaida sana kwa wanawake wa umri wetu na mara nyingi ndio unaoimaliza damu kimyakimya. Kuhusu vidonge vya madini ya chuma, kukufunga choo si sababu ya kuviacha. Ni sababu ya kumrudia aliyekupa ili akubadilishie aina au namna ya kuvitumia. Vimeze pamoja na chungwa, wala usivimeze na chai, kwani chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Damu hupanda kwa wiki kadhaa, na akiba ya mwili hujaa kwa miezi, hivyo wiki sita ulizo nazo hazitoshi. Mlima una majira mawili makavu, Januari hadi mwanzoni mwa Machi na Juni hadi Oktoba, kwa hiyo ukilikosa hili, la pili haliko mbali.

Sasa nije kwa huyo mama anayeongoza, maana nadhani swali lako lenyewe liko hapo. Unaogopa kurudishwa mbele yake kwa sababu unampima kwa vilele alivyofika. Mimi ningependa umpime kwa watu aliowateremsha.

Nilipanda kwa njia hiyohiyo ya Marangu nikiwa na miaka 52, tukiwa wanawake kumi na wawili, na kiongozi wetu alikuwa mwanamke. Siku ya kwanza, tukiwa msituni kabla ya kufika kambi ya Mandara, alitukalisha kwenye magogo akatueleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali, tutajisaidia vipi njiani, nani atasimama kutukinga, taulo za kike zilizotumika zitawekwa kwenye mfuko gani ili zishuke nasi, na kwamba mwinuko unaweza kuivuruga hedhi ikaja kabla ya siku zake, kwa hiyo hata anayedhani hatazihitaji azibebe. Kisha akasema kila mmoja anywe lita tatu kwa siku na kwamba atakuwa akiuliza. Mazungumzo yale hayakuzidi dakika kumi, nami nayahesabu kuwa ndiyo yaliyonifikisha nilipofika. Ulichokikosa wewe miaka sita iliyopita ni dakika kumi hizo. Wanawake wengi huacha kunywa maji mlimani kwa sababu ileile uliyoitaja, halafu maumivu ya kichwa yakianza huambiwa ni mlima.

Usiku wa kupanda kilele, pale Kibo, mita 4,720, alituamsha saa tano. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha maji. Alipita kitanda kwa kitanda akiwa na kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, akimuuliza kila mmoja kama kichwa kinamuuma, kama amekula, na amekojoa mara ngapi tangu mchana. Baadaye alichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo yake na kututaka tutembee juu yake, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa mbele. Mmoja wetu, mkuu wa idara aliyezoea kutoa amri na si kupewa, aliyumba mara mbili. Kiongozi hakumwambia ajikaze. Alimfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akamwita mwongozaji msaidizi kwa jina, na dakika chache baadaye taa zao mbili zilikuwa zinashuka kuelekea Horombo, huku sisi tukisimama kimya kuzitazama. Mtu anayeyumba katika mwinuko ule huenda ubongo wake umeanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka, tena usiku uleule. Mimi niliishia Gilman's Point, ukingo wa juu kabla ya kilele chenyewe, mita 5,685, kiongozi aliponitazama usoni akasema inatosha. Nilimshukuru siku ileile, na namshukuru hadi leo.

Ndiyo maana nakutaka umwandikie kiongozi wako, umweleze yote: damu, hedhi, na yaliyokukuta mara ya kwanza. Akikujibu kwamba usijali, njoo tu, wengi wamekuja hivyo na wakafika, basi hata kama ana picha juu ya milima ya dunia nzima, usimkabidhi mwili wako. Akikuambia usubiri, akakuhamishia malipo yako ya awali kwenye safari ijayo, huyo ndiye unayeweza kumfuata gizani. Nasema hivi kwa sababu kuongozwa na mwanamke si kinga yenyewe. Mwanamke mwenye sifa kubwa naye anaweza kushawishika kuwasukuma watu wafike ili jina lake liendelee kung'aa, na kundi la wanawake linaloimba pamoja linaweza kumfanya mmoja wao aone haya kusema anaumwa. Tena ni wanawake wachache mno walio waongozaji mlimani kwa sasa ukilinganisha na wanaume, kwa hiyo anayeongoza anabeba macho ya watu wengi. Najua mzigo huo ni mzito, lakini haukuhusu wewe unapochagua nani akupandishe.

Muulize pia maswali ambayo mteja anayelipa ana haki ya kuyauliza bila kuomba radhi. Siku sita ni bora kuliko zile tano ulizopanda awali, lakini hakikisha siku ya ziada inatumika Horombo, mita 3,720, ili mpande hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, karibu na mita 4,000, kisha mrudi kulala chini, kwa maana mwili huzoea mwinuko kwa kupandishwa juu na kulazwa chini. Muulize ni nani mwenye neno la mwisho la kumrudisha mtu, kama wana oksijeni na machela, na kama anayerudishwa anapata mwongozaji wake mwenyewe wa kushuka naye. Na tafadhali muulize kuhusu wapagazi. Siku hizi wamo akina mama miongoni mwa wanaobeba mizigo ambayo kwa kanuni haipaswi kuzidi kilo 20, na safari inayojiita ya kuwatunza wanawake haiwezi kuwa na maana ikiwa mwanamke aliyekubebea begi lako analala penye upepo, anakula mara moja kwa siku na analipwa chini ya alichoahidiwa. Pale Moshi lipo shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, lililoanza mwaka 2003, ambalo hufuatilia malipo na matunzo ya wapagazi; uliza kama kampuni inayoendesha safari yenu inafuatiliwa nalo.

Kuhusu mama mkwe, sikubaliani naye hata kidogo kwamba mlimani hakuna kitu cha mwanamke. Mwanamke wa Uingereza, Sheila MacDonald, alifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1927. Junko Tabei wa Japani, mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, alianzisha klabu ya wanawake wapanda milima mwaka 1969, na alipoondoka kwenda Everest mwaka 1975 aliacha nyumbani binti wa miaka mitatu, huku watu wakimwambia ilimpasa abaki alee. Siku kumi na mbili kabla ya kufika kilele, maporomoko ya theluji yalifunika kambi yao na yeye akafukuliwa akiwa hana fahamu. Binti yetu wa Tanzania, Rawan Dakik, alifika kilele hichohicho mwaka 2021. Na kama ni kurudishwa ndiko unakokuogopa, mtazame Saray Khumalo, mzaliwa wa Zambia anayeishi Afrika Kusini: alijaribu Everest mwaka 2014, maporomoko yakaizuia safari, akajaribu 2015, likaja tetemeko la Nepal, akajaribu 2017, akaumia karibu na juu na kuokolewa, na mwaka 2019 akawa mwanamke Mwafrika mweusi wa kwanza kufika. Hakuna anayemtaja leo kwa kumcheka.

Hata hivyo, katika suala la paa, mama huyo amesema jambo la kweli, na wewe mwenyewe umelikiri. Fedha za kikoba ni jasho lako na una haki ya kuzitumia kwa afya na furaha yako bila kumwomba mtu ruhusa nje ya makubaliano yako na mumeo. Lakini kwa kuwa safari inasogezwa mbele, angalia hesabu yako: mkononi zimebaki 2,300,000, na deni la safari ni 1,700,000. Ukinunua mabati sasa, ukatoa gharama ya vipimo na matibabu, kisha ukajiwekea kidogo kidogo kila mwezi, unaweza kulifikia deni hilo bila kulala chini ya paa nusu. Mwambie mama mkwe kuhusu damu yako pia, mkiwa wawili jikoni. Huenda naye alivuja damu vivyo hivyo alipokuwa na umri wako na hakuwa na mtu wa kumwambia, na mazungumzo hayo yanaweza kuwafikisha mahali ambapo mabishano ya mlima hayatawafikisha.

Zile siku mbili za kijijini usizione kuwa nyongeza tu. Wengine huziita mafungo, ingawa kwetu sisi tuliolelewa katika Kanisa Katoliki mafungo ni ya sala na ukimya, na ningependa tupate neno lingine. Vyovyote zitakavyoitwa, mwanamke anayefundisha, anayelea na anayejenga nyumba anahitaji mahali pa kuketi bila kuitwa na mtu, na pa kusema kwamba anavuja damu bila kuona haya. Muulize kiongozi kama anaweza kukupokea kwa siku hizo mbili pekee safari hii, kwa malipo yake, wenzako watakaposhuka. Marangu kijijini si juu kiasi cha kuisumbua damu yako, ila mwoneshe daktari mpango huo kwanza. Utamfahamu kiongozi kabla hujampa miguu yako, na utawasikia waliorudishwa wakisimulia.

Wakati unatibiwa, tembea. Unaishi chini ya milima ya Uluguru, na watu wa mbali hulipa nauli kuja kupanda ulichonacho mlangoni. Anza na barabara ya kwenda Morningside siku za Jumamosi, taratibu, pamoja na huyo rafiki yako, na daktari akisema damu imepanda vya kutosha, jaribuni kilele cha Lupanga, mita 2,138, kwa kuondoka alfajiri na mwenyeji anayeijua njia. Mazoezi yatakupa miguu na pumzi, lakini hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Nimewaona vijana wakimbiaji wakitapika Kibo huku mama wa miaka sitini akinywa uji wake taratibu. Ujizoeze jambo moja zaidi ukiwa Uluguru: kila unapotaka kujisaidia, sema kwa sauti, simamisha safari, nenda, rudi, kunywa maji.

Kesho kabla ya kipindi cha kwanza, au Jumamosi kama ratiba haikuruhusu, nenda ukapime damu upya. Jioni yake mtumie kiongozi wako ujumbe, na uuanze na namba utakayopewa maabara. Akishakujibu, niandikie uniambie alisema nini, neno kwa neno.

Wako,
Dada Mshauri